Neno Aliloliandika Kiganjani

Sikuwa na ndugu kiziwi, wala sikuingia kazi hii kwa kuipenda. Nilihamishiwa shule moja ya msingi Same mjini nikiwa na miaka ishirini na saba, na mwalimu mkuu akaniambia kitengo cha viziwi kina upungufu wa walimu, nikakae huko mpaka apatikane mtu. Hakupatikana mtu. Wiki za kwanza nilisimama mbele ya watoto kumi na mmoja nikiandika ubaoni na kuongea kwa sauti ya juu, na wao wakinitazama kwa huruma. Msichana mmoja wa darasa la pili ndiye aliyenishika mkono, akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka vikakaa sawa. Ilikuwa herufi A.

Watoto wale ndio walionifundisha lugha ya alama. Semina zilikuja baadaye, na cheti cha ukalimani kikaja baadaye zaidi. Huko semina ndiko nilikosikia sheria ya kazi yetu, nami naitaja mapema ili anayesoma anihukumu kwa haki. Mkalimani haongezi, hapunguzi, habadilishi. Kinachosemwa ndicho kinachopita.

Darasa la watu wazima lilianza bila mpango. Viziwi wakubwa walikuwa wananifuata nyumbani na karatasi: barua ya serikali ya kijiji, ujumbe wa simu, kadi ya kliniki. Nikachoka kuwasomea, nikaona heri niwafundishe. Usharika wa kanisa ukatupa chumba cha kuhifadhia viti vya sherehe, tukawa tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi. Walikuwa sita: mzee fundi viatu wa karibu na stendi, kijana mpiga pasi, wanawake wanne. Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa wa mwisho kuja.

Alishuka na gari la mazao kutoka mlimani, ameongozana na kaka yake mkubwa. Alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, na kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu wa shamba la tangawizi ambao hautoki kwa sabuni. Kaka yake alinieleza habari zake akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Surua ilimchukulia masikio akiwa na miaka mitatu. Shule hakwenda, kwa sababu wakati ule mtoto kiziwi alifundishwa kulima tu. Aliolewa, mume akafariki, akarudi kwa mama yake na binti mmoja mdogo. Binti huyo alikuwa anasikia, na ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya mama yake tangu alipojua kutembea. Wawili hao walikuwa wamejitungia alama zao wenyewe, ambazo hakuna mwingine pale nyumbani aliyezijua zaidi ya chache za kula na kulala.

Sasa binti alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni huko Usangi. Simu haziruhusiwi shuleni. Kaka mtu alikuwa akiandika barua kwa niaba ya dada yake, lakini dada hakujua kilichoandikwa.

"Anataka aandike mwenyewe," aliniambia, akitabasamu kidogo, kama mtu anayesema mtoto wake mdogo anataka kuendesha lori.

Nilianza naye kwa jina la binti yake. Niliona ndilo litakalomvutia, sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo. Nikaliandika ubaoni, nikamwonyesha kwa ishara kwamba hili ndilo la mtoto wako. Alisimama akalisogelea. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimwita mwanawe kwa kugusa shavu la kushoto, penye kovu dogo la moto. Hakuwahi kujua kwamba watu wengine wote wanamwita kwa kitu kingine. Alilitazama lile jina, akaniuliza kwa mikono kama ni hilo lote. Nikamwambia ndiyo, ni hilo lote. Akalipitisha kidole herufi kwa herufi mpaka chaki ikafutika, ikabidi niliandike tena.

Mtu mzima asiyesikia hasomi kama sisi. Sisi tunaunganisha sauti, ba na ba baba. Kwake kila neno ni umbo, kama sura ya mtu, na lazima azifahamu sura hizo moja moja na kuzikumbuka. Tena ilibidi ajifunze lugha mbili kwa wakati mmoja, ya alama pamoja na Kiswahili cha maandishi, kwa kuwa hakuwa na hata moja. Wengine walikata tamaa kwa muda. Yeye hakukosa Jumamosi, isipokuwa masika barabara ilipokatika. Alikuja na daftari ndani ya mfuko wa nailoni na kiporo cha makande kwenye kontena, akala huku anaandika. Mwaka wa pili aliandika barua yake ya kwanza. Ilikuwa na mistari mitatu. Mvua ipo, bibi mzima, wewe soma. Binti akajibu kwa ukurasa mzima, tukaukalia Jumamosi mbili mpaka akaumaliza.

Ugonjwa ulikuja binti akiwa kidato cha tatu. Alianza kwa kukaa upande upande kwenye kiti. Nikamuuliza, akasema mgongo, kilimo. Baadaye aliniambia juu ya damu, kwa aibu, akiwa ameupa mlango mgongo ili wenzake wasione mikono yake. Zahanati ya kijijini ilimpa vidonge, kisha hospitali ya wilaya ikampa rufaa kwenda Moshi. Kaka yake akaniomba niwasindikize. Nikaomba ruhusa shuleni, tukaenda watatu.

Tulikwenda mara mbili, mara ya kwanza kwa vipimo, mara ya pili kwa majibu. Siku ya majibu tuliitwa kwenye chumba chenye meza na viti vitatu. Daktari alikuwa kijana mpole aliyeonekana kutolala. Alieleza akimtazama kaka, kisha akinitazama mimi, na yeye mwenye mwili alikuwa anahamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Saratani ya mlango wa kizazi, alisema, na imeshasambaa. Upasuaji hautasaidia. Wangempa matibabu ya kupunguza maumivu na damu, na wangejaribu kumwongezea muda.

Nilikuwa nimeshanyanyua mikono. Kaka yake akanishika kiwiko, akamwomba daktari dakika moja azungumze na mwalimu nje. Daktari akakubali.

Kwenye korido watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Yule mwanamume, mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alisimama ukutani machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mwalimu, nakuomba usimwambie," alisema. "Dunia imemfungia mlango maisha yake yote. Hizi siku zilizobaki aziishi bila kuzihesabu. Mwambie ni kidonda, kitapona na dawa."

Nilimwambia kazi yangu hairuhusu. Akasema anajua, ndiyo maana anaomba. Ningeweza kukataa. Lakini nilifikiria baba yangu mwenyewe, aliyekufa na sisi watoto tumezunguka kitanda tunamwambia atapona, na hakuna aliyetulaumu. Kwetu milimani habari mbaya haitolewi mdomoni mwa mgeni, tena huchelewa kutolewa. Nilijiambia kwamba ndugu ndio wenye mtu. Hayo nayasema kueleza, si kujitetea.

Tukarudi ndani. Daktari akasema, "Mweleze basi."

Nikamweleza. Mikono yangu ilisema kuna kidonda ndani, ni kikubwa, dawa zitakikausha polepole, uwe mvumilivu. Daktari aliitazama mikono kwa heshima, kama watu wote wanavyoitazama, wasijue inasema nini. Ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Dada akauliza, kwa alama safi nilizomfundisha mimi: Nitapona lini?

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anasema asante," nikajibu.

Njiani kurudi Same alilala begani kwangu kuanzia Himo mpaka Mwanga.

Miezi iliyofuata alipelekwa Moshi na kaka yake peke yake. Ilikuwa kipindi cha mitihani ya shule, na nakiri nilifurahi kuwa na sababu. Jumamosi alikuja akiwa amekonda, lakini akiandika vizuri kuliko zamani. Wenzake walikuwa wamezoea kumpa kiti chenye mto.

Jumamosi moja alinisubiri wengine walipotoka kunywa chai. Akaufungua mkono wa kushoto mbele yangu. Kiganjani, kwa peni ya bluu, paliandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: SARATANI.

Alinieleza alivyolipata. Hospitali ilikuwa imewahamishia kwenye jengo jingine, na juu ya mlango paliandikwa maneno matatu. Kliniki alilijua. Ya alilijua. La tatu hakulijua. Kaka yake alipokwenda dirishani kuuliza dawa, aliazima peni kwa mama mmoja akalinakili, kisha akakunja ngumi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa asubuhi alilikoleza wino lisifutike. Hakuandika kwenye daftari kwa sababu kaka yake hupenda kulifungua daftari kuona maendeleo.

Akaniuliza: Hili ni nini?

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba neno usilolijua unalinakili na kumletea mwalimu. Nilijaribu kutafuta njia, sikuipata. Nikampa alama yake. Hakuwahi kuiona. Nikaeleza kwa alama nyingine: ugonjwa unaoanza mahali pamoja ndani ya mwili, unakula, unahama, unakula kwingine. Alinitazama mikono, kisha uso. Akaelekeza kidole tumboni kwake. Nikaitikia kwa kichwa.

Hupona?

Mara nyingine, ukiwahi.

Mimi?

Nikatikisa kichwa.

Alikaa. Nilidhani atalia, lakini alikuwa anafikiri, anahesabu safari. Akauliza nilijua lini. Ningeweza kusema leo, nimejua leo kama wewe. Nikasema: Siku ile, kwa yule daktari kijana. Akauliza, na nilipouliza nitapona lini, ulimwambia daktari niliuliza? Nikasema hapana.

Akaliweka daftari kwenye mfuko wake wa nailoni, akaufunga fundo, akaenda stendi kusubiri gari la mlimani, na zilikuwa zimebaki saa tatu nzima kabla halijaondoka.

Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Ya nne nikapanda mwenyewe. Gari lilinifikisha kwenye kanisa la kijiji, nikamalizia kwa miguu, nikipita kwenye ndiva ambako watu wa mfereji hukusanya maji yao, nao walikuwa wanayafungulia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilimkuta mama yake, bibi wa miaka themanini na zaidi, ameketi jikoni anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa Kiswahili chake chenye Chasu nyingi, lugha ya huko mlimani, kama mjini kuna mvua. Kisha akasema binti yake ana kidonda cha tumbo, lakini mwanawe amesema dawa zinafanya kazi. Alinimiminia chai ya tangawizi. Sikuweza kuimaliza.

Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ngozi ya mbuzi, anakwangua udongo kwenye tangawizi mbichi kwa kisu kidogo. Nikakaa mbele yake, nikaanza kuongea kwa mikono. Akafumba macho.

Anayesikia hata akikuchukia, sauti yako itamfikia. Yeye alifumba macho tu na mimi nikawa sipo. Nilikaa pale labda nusu saa, mikono yangu magotini. Aliikwangua tangawizi kwa kupapasa, bila kukosea. Mwishowe aliyafungua, akaweka kisu chini, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kaka yangu asijue kwamba najua. Kila jioni anakwenda kulia shambani nyuma ya migomba, anadhani simwoni. Akijua kwamba najua, atakuja kulia ndani. La pili, utanipeleka Moshi wewe, mimi na wewe tu. Utasema yote. Kila neno la daktari, kila neno langu.

Tulimwambia kaka tunakwenda kuchukua dawa. Safari hii daktari alikuwa mama wa makamo, na alimtazama yeye, hakunitazama mimi. Nikafanya kazi yangu. Alieleza ugonjwa ulipofika, figo zilivyoanza kuzidiwa, dawa ya maumivu itakavyoongezwa. Mikono yangu haikuacha kitu. Kisha mgonjwa akauliza, nami nikatoa sauti yake:

"Binti yangu anamaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Nitafika?"

Ilikuwa Aprili. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mwambie sijui, na sitaki kumdanganya," alisema. "Kama kuna mtu anataka kumwona, asimsubirishe."

Nikayapitisha hivyo hivyo. Alishukuru, na safari hii nikasema asante kwa sababu ndiyo aliyoisema.

Barua kwa binti ilimchukua Jumamosi mbili, na mara hizo mimi ndiye niliyepanda kwake, kwani hakuweza tena kushuka. Aliandika amelala ubavu, daftari likiwa juu ya sinia. Alipomaliza nikaisoma, nikachukua peni kurekebisha. Niliona vitenzi havina viambishi, nikaona aibu ya mwalimu. Akafunika karatasi kwa kiganja. Ukisahihisha, alisema, mwanangu atadhani umeandika wewe. Nikarudisha peni mfukoni. Barua ilikuwa hivi, naikumbuka yote:

*Mwanangu. Mama saratani. Mama kujua. Mjomba kusema dawa kupona. Mjomba hajui mama kujua. Wewe kimya. Mjomba kulia shamba, mama kuona. Wewe kuja haraka. Mtihani soma. Tangawizi mafungu mawili lako. Mama.*

Niliipeleka mwenyewe. Kutoka Same hadi Mwanga, kisha gari dogo la kupanda Usangi, na kona zile zote nikiwa nimeibana bahasha kifuani. Mkuu wa shule alisoma barua kabla ya kumwita mwanafunzi, kama ilivyo taratibu yao. Aliisoma mara mbili, akauliza mwandishi ni nani. Nikamwambia ni mama yake, ni kiziwi, amejifunza kuandika ukubwani. Akavua miwani, akatuma mtu darasani.

Binti alikuwa amekuwa mrefu kama mama yake, kovu bado lipo shavuni. Alipouona mwandiko alianza kutabasamu kabla hajasoma. Sitaeleza uso wake baada ya hapo. Alipomaliza aliikunja barua ndogo sana, akauliza, "Mwalimu, bado anaweza kuinua mikono?"

Nikamwambia bado kidogo.

Tulifika mlimani kesho yake, mvua ya masika ikinyesha. Mjomba alikuwa uani anafunika magunia ya tangawizi kwa turubai. Alituona, akaja hadi langoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika.

"Mwalimu, nani amekutuma kumchukua mtoto?" aliuliza. "Ana mtihani mbele yake. Tulikubaliana."

"Mama ndiye aliyeniita," binti akasema. "Ameandika mwenyewe."

Akanyoosha mkono apewe barua. Binti akairudisha nyuma ya mgongo, akakumbuka alichoambiwa, lakini mjomba alikuwa ameshaishika ncha. Aliisoma chini ya upenu wa jikoni, akifuata kila neno kwa midomo. Kosa la lugha kwenye kila mstari lilimwonyesha kwamba hakuna mwalimu aliyegusa. Akafika mwisho, akarudi juu, akakaa kwenye gunia lililokuwa bado halijafunikwa.

"Alikuwa ananiona shambani?"

"Alikuwa anakuona," nikasema.

Mvua ilimlowanisha mabega na hakusogea. Kisha aliingia ndani, sisi nyuma yake. Dada yake alimwona, akaiona barua mkononi, akamtazama binti, akaelewa. Kaka aliniomba nimsaidie kusema. Alisimama mbele ya kitanda kama anayeungama.

"Mwambie nilimwonea huruma."

Nikamwambia. Alijibu polepole, mikono ikipumzika kifuani baada ya kila alama, na nikasema kwa sauti alivyosema:

"Najua. Lakini imenichosha."

Sikulainisha. Kaka aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akatoka, akaenda jikoni kwa mama yake, nikasikia anamweleza bibi kwa Chasu, mara hii ukweli, na bibi akaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo sisi wote pale tuliisikia, isipokuwa mwenye kuliliwa.

Binti alipewa ruhusa ya wiki mbili. Mama yake aliishi siku kumi na mbili kati ya hizo. Mikono ilianza kumwacha siku ya nne au ya tano. Alama zetu za shuleni zinahitaji nafasi, mkono upande hadi usoni, ushuke kifuani, uzunguke. Hakuweza tena, na mimi sikumwelewa. Lakini binti alipanda kitandani, akaweka kiganja chake chini ya kile cha mama yake, na vidole vikawa vinacheza pale ndani, kidogo kidogo. Waliongea hivyo mchana kutwa. Mara nyingine binti alicheka. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni na cheti changu cha ukalimani, na katika yote waliyoambiana siku zile sikujua hata neno moja. Baadaye watu waliniuliza mama alimwachia mwanawe maneno gani. Niliwaambia wamuulize mwenyewe. Hakuwaambia.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, watu wakienda shamba.

Kwenye mazishi wanafunzi wangu wa Jumamosi walikuja wote, wamevaa vizuri, wamechafuka matope mpaka magotini. Waliwekwa mbele, nami nikasimama kando ya mchungaji. Kaka alisoma wasifu wa marehemu. Kwenye karatasi, nilikuwa nimeiona, mtu wa kamati alikuwa ameandika kwamba marehemu alizaliwa mzima, akapata ububu. Viziwi hawalipendi neno hilo, nami nilikuwa nimejiandaa kulipitisha hivyo hivyo lilivyo. Alipofika hapo alisita, akaikunja karatasi, akaendelea bila kusoma. Alisema dada yake alikuwa kiziwi. Alisema alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, na kwamba yeye kaka alimficha jambo akidhani anamsaidia, kumbe miezi yote hiyo ni yeye aliyekuwa anasaidiwa. Sauti ikamkatika, akaketi.

Mzee fundi viatu akainua mkono. Watu walishangaa kidogo, mchungaji akaniangalia, nikamwambia anaomba kusema. Akasimama, akasema, na mimi nikawa sauti yake: huyu dada alikuwa anauliza maswali darasani mpaka sisi wengine tunachelewa chai. Sasa tutawahi chai. Akaketi. Hakuna aliyejua kama acheke.

Binti alirudi shule, akafanya mtihani wake mwezi wa kumi na moja. Alifaulu kwa wastani, akapata chuo cha ualimu. Kaka analima yale mafungu mawili ya shamba la tangawizi kwa niaba yake na hunitumia tangawizi kwa gari la mazao, ingawa nimemwambia asijisumbue. Hatujawahi kuongelea ile korido ya Moshi.

Watu husema marehemu alinisamehe, kwa kuwa alinichukua tena kuwa mkalimani wake. Huenda. Huenda pia hakuwa na mwingine, kwani kutoka Same hadi kule mlimani siku zile nilikuwa peke yangu. Wiki ya mwisho, binti akiwa amekwenda kuchota maji, nilipiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia kwa mikono, polepole, ili asikose kuona: Nisamehe. Aliiona. Kisha akanyanyua kidole kimoja, akanionyesha kwamba ubavu aliolalia unamuuma, nimgeuze.

Nikamgeuza.